Kipoyi Bila Kasikisi

Mutoto wangu Bauma,

Kabla haujasoma zaidi, ujue kwanza nani anakuandikia. Anakuandikia mwanaume mwenye mabega mazuri kuliko wanaume wote toka Burungu mpaka Kashuga. Sisemi mimi, wanawake njo walisema, na mama yako alikuwa mumoja wao, hata kama leo anakana. Mabega haya yamebeba watu wazito. Yamebeba karani mumoja wa shefu wa eneo letu, aliyekuwa anamaliza mbuzi peke yake. Tulipanda naye mulima wakati wa matope, wenzangu wakilia kama ndama, na mimi nilifika juu nikiwa bado naimba sauti ya chini. Ng'ombe waliacha kula wakanitazama. Siku nitakapofika mbinguni, malaika wataniomba nikae pembeni kidogo ili wengine nao waonekane.

Umecheka? Vizuri. Sasa ukae, maana mimi mwenyewe kukaa kumenishinda. Nimeandika maneno haya machache na nimeshasimama mara nyingi, nikaenda kuangalia mbuzi, nikaangalia mvua, nikarudi. Mama yako anasema taa inakula mafuta bure. Anasema kama nina neno la kukuambia, wewe uko pale umelala, nikuamushe nikuambie. Hajui kwamba kuna maneno ambayo mudomo wangu unayageuza kuwa kichekesho kabla hayajatoka. Karatasi haicheki. Njo maana naandika, mimi niliyeacha shule katikati ya kalasi ya tatu. Ukiona neno limekaa vibaya, usimuonyeshe mujomba wako huko Walikale unakokwenda. Yeye alimaliza ya tano, na tangu siku hiyo anatembea kama muntu aliyeficha yai kwapani.

Mambo ya blanketi, ya chumvi, ya kutolala chini penye maji, mama yako amekuambia yote. Amefunga muzigo wako, akaufungua, akaufunga tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema juu ya Pasta.

Alipokuja juzi, alikaa kwenye kile kiti chetu chenye muguu muzima, akakuambia: "Bauma, kule kambi ya wapasua mbao, unakokwenda, kuna kapela ya majani. Wanasali mule wamama wa wafanyakazi. Wanaume wanakaa nje. Natafuta mwanaume mumoja wa kusimama nao. Wewe unasoma vizuri."

Ukasema: "Nitaona, Pasta."

"Siwezi kukuita muzee wa kanisa, ndevu bado. Nitakuita musaidizi. Lakini kazi ni ileile."

"Nitaona."

"Nitapita kule kabla ya Noeli. Nikikuta hakuna mwanaume, nitaifunga. Misioni haihesabu kapela ya wamama peke yao. Sitaweza tena kusimama pale na meza ya Bwana."

"Nimesikia, Pasta."

Alipoondoka ukamuambia rafiki yako, mutoto wa Kibira: "Hiyo kazi ni ya wamama na ya wazee wasiokuwa na meno. Mimi nakwenda kupasua mbao." Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya jiko. Usiulize nilikuwa nafanya nini nyuma ya jiko.

Sikukasirika. Nilitaka kucheka, kicheko kikakwama, maana maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, wewe ukiwa bado mugongoni kwa mama yako. Nikasimama pale na moshi kwenye macho, nikajiambia: Matabishi, mutoto wako amekurithi mudomo. Angerithi mabega.

Basi nikuambie ilivyokuwa.

Wakati ule kapela ya mulima wetu ilikuwa ya muntu mumoja, mujane, jina lake Mama Rebeka. Unamukumbuka kidogo, alikuwa anakupa viazi vya kuchoma, na wewe unamufuata kama mbwa. Alikuwa mufupi, mukavu, anaongea pole pole. Yeye njo alipiga kile chuma cha gari, kengele yetu, siku ya Mungu. Yeye alifagia. Yeye alianzisha wimbo. Yeye alifundisha watoto herufi kwa kuchora udongoni na kijiti. Muntu akikufa, yeye alisimama kwenye kaburi akaomba, maana sisi wanaume tulishachimba na tulikuwa na haraka ya kwenda kunawa.

Sisi tulikuwa Wakristo pia, usifikiri. Tulibatizwa, majina tulipewa. Lakini siku ya Mungu tulikuwa na kapela yetu nje, chini ya ukingo wa majani, migongo kwenye ukuta, viko mudomoni. Tuliongea juu ya ng'ombe. Wakianza kuimba ndani, tuliimba pia, sauti ya chini, kupitia ukuta. Mama Rebeka alisema hakuna kapela nyingine Masisi yote ambayo ukuta wake unaimba vizuri hivyo. Alisema hivyo bila kucheka, na sisi tukafikiri ametusifu.

Sasa, kwa nini hatukuingia? Wamisionere walifikiri ni uvivu. Si uvivu. Ni kipoyi.

Wewe umekua ukiona kipoyi chetu kimoja tu, kwa hiyo nikueleze cha zamani. Mulima ni mulima. Mugonjwa hatembei mpaka dispensari ya misioni, anabebwa kwenye kile kitanda cha mianzi na kamba, wanaume wane wako chini yake na wane wengine nyuma wanangoja zamu. Na wabebaji wanalipwa kasikisi, pombe ya ndizi. Ukirudi toka misioni, mwenye mugonjwa anatoa mutungi, munakunywa, mambo yameisha. Asiyekuwa na migomba ya pombe anaomba kwa ndugu. Asiyepika pombe hata kidogo, ambaye hata siku ya furaha hatoi kikombe, huyo akipatwa na ugonjwa wanaume wana muguu unaouma siku hiyo. Hawakatai. Muguu tu.

Na muzee wa kanisa, sheria ya misioni, hapiki pombe, hanywi, hatoi. Umeona? Kukubali kuwa muzee ni kusema: mimi na bibi yangu na watoto wangu, tukiugua, tufie hapahapa. Hilo njo tulikuwa tunaogopa, na hatukuwahi kumuambia musungu hata mumoja.

Mimi nilikuwa kapita wa kipoyi, mukubwa wa wabebaji. Kijana hivi, na wazee wananitii. Nani anakaa mbele, nani nyuma, wimbo gani, mutungi wa nani umechacha vizuri. Ungetaka niache cheo hicho nikafagie na mujane?

Basi Pasta akaja, huyu huyu, wakati ule nywele zake nyeusi. Akatukuta kwenye ukuta wetu. Akasema anataka wazee wa kanisa. Wote wakaangalia viko vyao. Mimi, kwa sababu mudomo wangu hauwezi kulala, nikasimama nikasema: "Pasta, hiyo kazi ni ya wamama na ya wazee wasiokuwa na meno. Na mimi nikiugua, nani atanibeba? Utanibeba wewe na baisikeli yako?"

Wanaume wakacheka mpaka Kibira akameza moshi. Kibira unamujua, baba ya rafiki yako, lakini haujui alivyokuwa: alikuwa muntu wa pili kwenye kipoyi, mabega yake karibu kama yangu. Nasema karibu.

Jibu lilitoka dirishani. Mama Rebeka alikuwa ameegemea pale na fagio, akaniita kwa jina.

"Matabishi. Kipoyi iko ya wagonjwa ao iko ya pombe?"

"Mama, wewe haubebi. Haujui uzito."

"Njo nauliza ule anayejua. Kama iko ya pombe, mubebe mitungi. Kama iko ya wagonjwa, mubebe bure."

"Bure?" akasema Kibira. "Mama Rebeka, hata punda anapewa majani."

"Punda haiko mubatizwa."

Wanaume walicheka tena, lakini safari hii walinicheka mimi na Kibira. Nilirudi nyumbani nikimutukana mujane kwa njia nzima. Mama yako akaniuliza, "Alisema uongo gani?" Nikakosa hata mumoja.

Nisijifanye hapa. Sikukubali kwa sababu ya moyo safi. Nilikubali kwa sababu mbili, na ya kwanza inanitia haya. Nilisikia kwamba kule Kashuga kijana mumoja, mwenye mabega kama ya kuku, ametajwa muzee wa kanisa, na sasa Pasta akifika anamupa mukono mbele ya watu. Sikulala. Mwenye mabega ya kuku. Ya pili ni ile siku ya bibi ya Kibira.

Alishikwa na uchungu wa kuzaa, mutoto akakaa vibaya. Ilikuwa wakati migomba ya Kibira imeangushwa na upepo, nyumbani kwake hakuna mutungi, wala kwa ndugu zake. Mvua inapiga. Na Kibira, huyo huyo aliyesema mambo ya punda, anazunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba kuna muguu unaouma. Alifika kwangu. Mimi nilikuwa na uvimbe kwenye goti, wa kweli kidogo. Nikamuambia, "Kaka, tungoje mvua ipungue." Ningali naongea tukaona kitu njiani. Mama Rebeka na wamama watatu wametoa kipoyi, wamemulaza bibi ya Kibira, wamekiweka mabegani. Wanawake. Kwetu muti wa kipoyi hauguswi na mwanamuke, unajua, wanasema mugonjwa hatapona. Walikuwa wanateleza, wanaanguka kwa magoti, wanasimama. Hakuna aliyetuita. Hata hawakuangalia upande wetu.

Niliona Kibira analia. Nilikimbia, mwanangu. Goti langu lilisahau. Na nyuma yangu nilisikia miguu ya wengine, maana hakuna mwanaume aliyetaka kuhadithiwa kwamba siku ile alibaki. Mama Rebeka aliniachia muti. Bega lake lilikuwa limechubuka. Tulifika misioni, mutoto akazaliwa muzima, na ni yule uliyemuambia juzi habari ya wazee wasiokuwa na meno. Kwa hiyo ukimuona tena, umukumbushe nani alimubeba kwanza.

Siku ya Mungu iliyofuata niliingia kapela, nikaketi mbele, nikasema: kuanzia leo kipoyi kinalala humu ndani, na kinabeba kila muntu, mwenye mutungi na asiye na mutungi, bure. Wenzangu wa zamani walitutungia jina, Wabebaji wa Maji, maana baada ya kubeba tulikunywa maji tu. Walituimba kwenye pombe zao. Tukakaza shingo. Tulibeba wa kwao pia. Mumoja mumoja wakaanza kuingia, kwanza wakasimama mulangoni, halafu karibu na mulango, halafu wakaketi. Haukupita muda mwingi, ule ukuta wa nje ukabaki wa mbuzi. Pasta alipokuja akanishika mukono mbele ya watu wote, akaushika muda murefu, na mimi niliangalia kama kuna muntu wa Kashuga.

Mama yako amenikuta nasimama tena. Anasema, "Wewe unaandika barua ao unacheza?" Nimemuambia baba wa muntu anayesafiri ana haki ya kutembea. Amegeuka ukutani. Anajua nakoelekea na barua hii, na hataki kuona uso wangu nikifika.

Basi nikuambie kwanza kwa nini nataka ukubali, halafu nimalize.

Ukubali kwa sababu ya wale wamama wa kambi. Mimi nimepita njia ya Walikale ujanani, nilikuwa nabeba mafuta ya mawese kuyapandisha huku. Najua kambi zile. Mwanaume anapasua mbao mpaka mikono inakuwa kama ganda la muti, siku ya Mungu anataka kulala ao kunywa, na mwanamuke anabaki na kila kitu: mutoto mwenye homa, mavuno, maombi, kaburi. Ukikaa nje na wenzako, hakuna atakayekulaumu. Utakuwa na rafiki wengi na kicheko kingi. Mimi nilikuwa navyo. Na ndani muntu mumoja atakuwa anateleza na muti begani.

Na kule utakuta wenyeji wa pori, wawindaji, Wakristo kama sisi, ila ukitembea nao utawaona wanatupa kipande cha nyama kwenye njia kwa ajili ya mababu zao kabla ya kurudi kijijini, na wanayo mambo yao ya wakubwa ambayo hautaonyeshwa. Usianze kwa kuhesabu makosa yao. Najua wewe, umesoma, utataka kuwaonyesha mustari kwenye kitabu. Nenda nao kwanza kwenye mitego. Beba wavu. Mwanaume hamufuati muntu kapela kwa sababu amehubiriwa vizuri. Mimi mwenyewe nilihubiriwa miaka na nilibaki na kiko changu. Wataingia siku watakapokuona umechoka kwa ajili ya muntu ambaye si ndugu yako.

Utaogopa kuchekwa. Watakucheka. Watakuita jina. Mimi nilikuwa Mubebaji wa Maji, na bado niko mwanaume, uliza. Muntu akikutungia jina zuri, cheka naye, halafu kesho amuka ufanye ileile.

Na ukubali hata kama sababu yako si safi. Mimi niliingia kwa wivu wa mabega ya kuku. Ukingoja moyo wako uoge kabisa, kapela ya majani itafungwa kabla ya Noeli, na wewe utakuwa bado unaoga.

Hapa njo ningependa kuweka jina langu na kuzima taa. Ingekuwa barua nzuri. Ungeisomea rafiki zako kambini, wangesema, baba yako muntu.

Lakini utakapoingia mule ndani, utamukuta mwanamuke. Sijui jina lake. Kila kapela ya namna ile iko naye. Na wewe ni mutoto wangu, utaketi mbele, na utataka kumufanyia wema.

Mama Rebeka alikuwa na desturi moja, kila asubuhi. Alitoka na kigae mukononi, anapita nyumba kwa nyumba kuomba moto. "Hodi, munipe kaa moja, wangu umezimika." Leo nyumba hii, kesho ile, mulima wote. Anapewa kaa la moto, anasimama kidogo, anaulizia watoto, anaenda. Sisi wanaume tulimucheka. Tulisema, mujane huyu hajui kufunika moto kwa majivu, kitu ambacho hata mutoto anajua. Na tukitaka kujua nani ameugua, tunamuuliza yeye. Alikuwa anajua daima. Mara nyingi kipoyi kilitoka kabla mwenye mugonjwa hajaita, kwa sababu Mama Rebeka alipita kwangu na kigae chake na kusema, "Matabishi, kwa fulani moto haujawaka leo." Mimi sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Mwenye mabega, kichwa hakupewa.

Tulipokuwa wazee wa kanisa, wanaume wengi, benchi la mbele limejaa, nikaona haya. Nikaona haifai mama wa kapela yetu kuzunguka na kigae kama mwombaji. Watu wa Kashuga watasema nini? Nikanunua kiberiti dukani kwa Mwarabu wa barabarani, pakiti nzima. Na sikumupelekea nyumbani kimya. Nilimupa siku ya Mungu, mbele ya wote, nimesimama. Nikasema: "Mama Rebeka, umefanya kazi sana. Sasa wanaume tumefika. Chuma tutapiga sisi, wimbo tutaanzisha sisi, mwenye mugonjwa atasema hapa mbele. Na wewe hautaomba moto tena maisha yako yote." Watu walipiga mikono. Alipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Aksanti, Papa." Aliniita Papa, mimi wa umri wa mutoto wake.

Aliketi nyuma tangu siku ile. Asubuhi hakupita tena. Nilifurahi, nikasema amepata amani.

Mama yako njo alinifungua macho, na wakati huo ilikuwa bure. Aliniambia: mujane asiye na mutoto, anayeishi peke yake, akiingia kwenye nyumba za wagonjwa bila sababu, siku mutoto akifa watasema nini juu yake? Wewe unajua watakachosema: muchawi. Watu wamefukuzwa kwenye milima hii kwa kidogo kuliko hicho. Kaa la moto lilikuwa sababu yake. Alikuwa anauzima moto wake mwenyewe, kila jioni, kwa makusudi, ili asubuhi awe na kitu cha kuomba. Na mimi nilisimama mbele ya mulima wote nikawaambia ana pakiti nzima. Angegonga tena kwa nani?

Wewe unajua, kama watoto wote wa hapa, kwamba Mama Rebeka alifia njiani kwenda misioni, kwenye kipoyi chetu, na sisi tunamuimbia. Ni hadithi nzuri. Niliianzisha mimi, na wenzangu wakaishika kwa sababu iliwasaidia pia. Mama yako hajawahi kuisema, na hajawahi kuikana mbele yako. Si kweli.

Ilikuwa wakati wa kupanda maharagi. Pasta alikuwa anakuja, na sisi wazee tulikuwa tunakutana kapela kila siku kupanga nani atakaa wapi kwenye benchi siku hiyo, maana benchi lilikuwa fupi na tulikuwa wengi. Tuligombana sana. Kipoyi kilikuwa pale pale nyuma yetu, kimeegemea ukuta, kamba mupya. Hakuna aliyesimama mbele kusema ana mugonjwa, kwa hiyo tulijua hakuna mugonjwa.

Nyumba yake iko chini ya kapela, unaiona ukisimama mulangoni. Nilitoka kupumua, nimekasirika na Kibira kwa ajili ya nafasi ya kwanza. Nikaangalia chini. Asubuhi ile mapaa yote ya mulima yalikuwa na moshi, ila lake. Niliona, Bauma. Nimewaambia watu kwamba sikuona, na niliona. Na siku iliyotangulia pia niliona. Nikajiambia ana kiberiti, atawasha akitaka, na nikarudi ndani kugombania nafasi yangu. Tulipofungua mulango wake kesho yake, alikuwa amekufa peke yake, jiko limepoa.

Baba yako, Matabishi